Mahali pa Do: Mwongozo wa Skeli, Funguo na Alama Zake

Katika kwaya nyingi za Tanzania na Kenya, wimbo mpya hufundishwa kwa solfa kabla ya maneno yake: sauti ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne kila moja hupewa mstari wake wa do, re, mi, na mwalimu wa kwaya huurudia mpaka ushikike, ndipo maneno hupandishwa juu yake. Mwimbaji aliyelelewa kwa namna hiyo, hata kama hajawahi kusoma nota zilizoandikwa kwenye mistari mitano, tayari anabeba sikioni mwake karibu kila jambo ambalo vitabu vya nadharia ya muziki hulieleza chini ya vichwa vya skeli, ufunguo na alama za ufunguo. Kinachomtisha anapopewa karatasi yenye shapu nne mwanzoni mwa mstari si ugumu wa jambo lenyewe, bali ni kwamba hakuna aliyemwonyesha kuwa shapu hizo nne zina ujumbe mmoja tu, nao ni mahali Do ilipo. Mwongozo huu unaifuata njia hiyo ya solfa tangu mwanzo hadi mwisho, kwa sababu ndiyo njia fupi kwa msomaji wa Afrika Mashariki, na kwa sababu desturi ya kukaririsha funguo kama jedwali la kuzidisha imewakatisha tamaa watu wengi wenye masikio mazuri.

Solfa yenyewe ina historia ndefu. Katika karne ya 11, mtawa wa Italia aitwaye Guido wa Arezzo alizipa sauti sita majina yaliyotokana na silabi za mwanzo za mistari ya utenzi wa Kilatini wa kumsifu Yohane Mbatizaji, ili waimbaji wake waweze kujifunza nyimbo wasizowahi kuzisikia. Sauti ya kwanza aliiita ut, ambayo baadaye ikawa do, na sauti ya saba iliongezwa baada ya zama zake kwa jina la si. Katika karne ya 19, mwalimu wa Kiingereza Sarah Glover, wa mji wa Norwich, aligeuza si kuwa ti ili kila sauti iwe na herufi yake ya mwanzo isiyogongana na nyingine, na mchungaji John Curwen akaukuza utaratibu huo na kuueneza hata ukasafiri na wamisionari hadi Afrika. Enoch Sontonga, aliyetunga mwaka 1897 wimbo ambao leo ndio msingi wa wimbo wa taifa wa Tanzania, alikuwa mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg na alilelewa katika utamaduni huohuo wa solfa. Nguvu ya utaratibu huu ni kwamba Do haifungwi mahali pamoja: leo inaweza kukaa kwenye G, kesho kwenye E flati, na waimbaji wasibadilishe hata herufi moja katika wanachokiimba.

Ili kuona jambo hilo kwa macho, msomaji na asimame mbele ya kinanda. Sauti ni mtetemo wa hewa, na wingi wa mitetemo katika sekunde moja hupimwa kwa hezi. A ile ambayo vyombo vingi duniani husawazishwa kwayo hutetema mara 440 kwa sekunde, na A inayofuata juu yake hutetema mara 880, yaani mara mbili kamili. Sikio huzisikia sauti hizo mbili kana kwamba ni moja iliyovaa nguo nyepesi zaidi, na ndiyo maana zinaitwa kwa herufi moja. Umbali uliopo kati yao huitwa oktava. Ndani ya oktava moja, kabla herufi haijajirudia, kinanda kina vibonyezo 12, vyeupe saba na vyeusi vitano. Umbali wa kutoka kibonyezo kimoja hadi jirani yake wa karibu kabisa, awe mweupe au mweusi, ni nusutoni, na nusutoni mbili hufanya toni. Vibonyezo vyeusi vimepangwa kwa makundi ya viwili na vitatu, na kibonyezo cheupe kilicho kushoto kabisa mwa kundi la viwili ni C. Kutoka hapo, vyeupe vinafuatana D, E, F, G, A, B na kurudi C. Msomaji atazame sehemu mbili ambazo vyeupe vimegusana bila cheusi katikati, yaani E na F, na B na C, kwa maana mambo yote yatakayofuata yanategemea sehemu hizo mbili.

Kibonyezo cheusi hakina jina lake chenyewe, bali huazima la jirani. Kikihesabiwa kama F iliyopandishwa nusutoni huitwa F shapu, na kikihesabiwa kama G iliyoshushwa nusutoni huitwa G flati. Sauti ni ileile, lakini jina linategemea kazi inayofanya katika wimbo, na sababu yake itaonekana baada ya muda mfupi.

Skeli, ambayo waandishi wengine huiita ngazi ya sauti, ni mpangilio wa sauti chache zilizochaguliwa kutoka katika zile 12 na kufuatana kwa hatua maalumu. Skeli ya meja, ambayo ndiyo do re mi fa so la ti do inayojulikana na kila mwanakwaya, ina hatua hizi kutoka chini kwenda juu: toni, toni, nusutoni, toni, toni, toni, nusutoni. Kwa maneno mepesi, ngazi yote inakwenda kwa toni isipokuwa mahali pawili, kati ya Mi na Fa na kati ya Ti na Do, ambapo sauti zimebanana. Ukweli wa jambo hili hauhitaji kuaminiwa kwa sababu umeandikwa kitabuni. Msomaji akianza na C na kupanda kwa vibonyezo vyeupe peke yake, ataisikia skeli nzima bila kasoro, kwa kuwa ile sehemu ya E na F imeangukia Mi na Fa, na ile ya B na C imeangukia Ti na Do. Sasa na aanze upya kwenye G, aimbe huku akibonyeza vyeupe tu: G, A, B, C, D, E zitakwenda sawa, lakini akifika F akiwa anaimba Ti, koo litakwenda juu na kinanda kitabaki chini, na sikio litakataa mara moja. Kati ya La na Ti panatakiwa toni, ilhali kati ya E na F pana nusutoni tu. Akikiacha kibonyezo cheupe na kugusa cheusi kilicho kulia kwake, koo na kinanda vinakutana tena. Hapo ameipata F shapu, na ameipata kwa sikio lake, si kwa kukariri kwamba G ina shapu moja.

Neno ufunguo, ambalo waimbaji wengi mazoezini hulisema kwa kifupi ki, linataja makao ya wimbo: ile sauti moja ambayo nyingine zote zinaielekea na ambayo wimbo hupumzika ikifikiwa. Wimbo ulio katika G meja ni wimbo ambao Do yake ni G. Skeli na ufunguo vina ujamaa wa karibu, lakini si kitu kimoja, na kuvichanganya huzaa makosa. Skeli ni orodha ya sauti kwa mpangilio. Ufunguo ni uhusiano wa sauti hizo na makao yao, hivyo wimbo unaweza kuwa katika G meja ingawa unatumia sauti tano tu, kama nyimbo nyingi za asili zinavyofanya, na unaweza kubaki katika G meja ingawa unagusa mara mojamoja sauti iliyo nje ya skeli. Kipimo kilicho bora kuliko vyote ni kuusimamisha wimbo kabla tu ya nota yake ya mwisho: sauti ambayo kila aliyepo anaisubiri ndiyo makao.

Katika maandishi ya mistari mitano, shapu au flati zinazohitajika na ufunguo haziandikwi upya kila zinapotokea, bali hukusanywa mwanzoni mwa kila mstari wa muziki, mara baada ya klefu, yaani alama inayofungua mstari, na kabla ya tarakimu za mapigo. Mkusanyiko huo ndio alama za ufunguo. Shapu moja iliyowekwa kwenye mstari wa F inaamuru kila F, iwe ya juu au ya chini, ichezwe F shapu mpaka wimbo uishe au alama nyingine zitangazwe. Ni tofauti na shapu au flati inayoandikwa katikati ya wimbo kando ya nota moja, ambayo nguvu yake huishia kwenye mstari wa wima unaofunga kipimo na haivuki kwenda oktava nyingine. Na alama ya nachuro huiondolea nota shapu au flati na kuirudisha kwenye kibonyezo cheupe cha herufi yake. Mpiga kinanda anayesahau tofauti hii hucheza kipimo kimoja vizuri na kinachofuata vibaya, na waimbaji wakalaumiwa bure.

Alama za ufunguo haziongezeki ovyoovyo, na sababu ya mpangilio wake inaeleweka vizuri zaidi kwa solfa. Do ikihamia mahali ilipokuwa So, kwa mfano kutoka C kwenda G, sauti sita kati ya saba zinabaki zilezile na kubadilisha majina tu. Moja peke yake haifai, nayo ni Fa ya zamani, ambayo sasa inatakiwa kuwa Ti na iko chini kwa nusutoni. Inapandishwa, na katika solfa ya Curwen Fa iliyopandishwa huitwa fe. Kwa hiyo kila Do inapopanda hatua ya tano, yaani kutoka Do hadi So, shapu moja mpya inazaliwa, na shapu hiyo siku zote ni Ti ya nyumba mpya: C haina shapu, G ina moja, D mbili, A tatu, E nne, B tano, F shapu sita na C shapu saba. Kinyume chake, Do ikihamia mahali ilipokuwa Fa, sauti isiyofaa ni Ti ya zamani, ambayo sasa inatakiwa kuwa Fa na iko juu kwa nusutoni. Inashushwa na kuitwa ta, na hiyo ndiyo flati mpya. Kwa njia hiyo F ina flati moja, B flati ina mbili, E flati ina tatu, A flati ina nne, D flati ina tano, G flati ina sita na C flati ina saba. Ukihesabu pamoja na C isiyo na kitu, funguo za meja zinazoandikwa ni 15, ingawa kinanda kina vibonyezo 12 tu katika oktava, kwa kuwa jozi tatu zinaangukia vibonyezo vilevile: B na C flati, F shapu na G flati, C shapu na D flati.

Flati huandikwa daima kwa mfuatano wa B, E, A, D, G, C, F, na mfuatano huo unakaa kichwani kwa sentensi moja ya Kiswahili: Baba Eliya Ana Duka, Ghala, Chombo, Fedha. Shapu hufuata mfuatano huohuo kinyumenyume, na mali ileile ya mtu yuleyule inatosha kuukumbuka: Fedha, Chombo, Ghala, Duka, Anavyo Eliya Baba. Chombo kinasimama badala ya C, na ghala badala ya G. Mwanafunzi aliyezishika sentensi hizi mbili hawezi tena kuandika flati tatu kwa mpangilio mbaya.

Baada ya hapo, kusoma alama za ufunguo ni kazi ya kutazama mara moja. Penye shapu, msomaji aiendee ile ya mwisho upande wa kulia na kuiita Ti. Do iko nusutoni moja juu yake. Karatasi yenye shapu nne ina F, C, G na D. Ya mwisho ni D shapu, nusutoni juu yake ni E, basi Do ni E. Penye flati, ile ya mwisho ni Fa, na msomaji ateremke Fa, Mi, Re, Do: flati tatu ni B, E na A, hivyo Fa ni A flati, Mi ni G, Re ni F na Do ni E flati. Anayetaka mkato atagundua kwamba Do ya funguo za flati ndiyo flati ya pili kutoka mwisho, isipokuwa katika F meja, ambayo ina flati moja tu na haina budi kukumbukwa.

Hapa ndipo sababu ya majina mawili ya kibonyezo kimoja inapojitokeza. Skeli ya meja ina sauti saba, na kanuni ya uandishi ni kwamba kila herufi kati ya saba itumike mara moja tu. Kama katika F meja sauti ya nne ingeandikwa A shapu, skeli ingekuwa na A mbili na isingekuwa na B hata moja. Mi na Fa zingelazimika kukaa kwenye mstari au nafasi ileile, na kila A ingehitaji alama yake. Ikiandikwa B flati, kila sauti inapata ghorofa yake na jicho linaiona ngazi ikipanda. Kwa kanuni hiyohiyo F shapu meja ina E shapu, ambayo kwenye kinanda ni kibonyezo cheupe cha F, jambo linalowashangaza wanafunzi wengi mpaka wakumbuke kwamba shapu ni agizo la kupanda nusutoni, wala si jina la rangi nyeusi.

Alama zilezile zina makao ya pili. Wimbo unaweza kutumia sauti zote za G meja na hata hivyo ukapumzika kwenye La badala ya Do, na ukifanya hivyo uko katika E maina. Maina ni skeli ambayo hatua zake, zikihesabiwa kutoka La hadi La, huweka nusutoni ya kwanza mapema, kati ya Ti na Do, na hilo ndilo linaloipa ladha ya uzito ambayo wasikilizaji wengi huiita huzuni, ingawa nyimbo za maina zenye furaha zipo tele. Kila meja ina maina iliyo ndugu yake, nusutoni tatu chini ya Do, na alama za ufunguo haziwatofautishi ndugu hawa. Msomaji atazame nota ya mwisho ya besi, kwa kuwa kwa kawaida ndipo wimbo unapolala. Kisha aangalie kama So inapandishwa mara kwa mara katikati ya wimbo. Watunzi wa maina hupenda kuisogeza So karibu na La ili iivute kama Ti inavyoivuta Do, na katika solfa So hiyo huandikwa se. Karatasi yenye shapu moja ambayo ndani yake D shapu inajitokeza tena na tena karibu na E, na ambayo besi inamalizia kwenye E, ni ya E maina bila shaka.

Utaratibu wote ulioelezwa hadi hapa umejengwa juu ya oktava iliyogawanywa sehemu 12 zilizo sawa, na ni haki kusema wazi kwamba muziki wote wa ukanda huu haukai humo. Katika taarabu ya Zanzibar, ambako kikundi cha Nadi Ikhwan Safaa kilianzishwa mwaka 1905, nyimbo nyingi huongozwa na maqam za Kiarabu, yaani mifumo yake ya skeli, na katika maqam ya Rast sauti ya tatu hukaa kati ya Mi ya meja na ile ya maina, mahali ambapo kinanda cha kawaida hakina kibonyezo; fidla na udi, ambazo hazina vizuizi kwenye shingo, huifikia kwa kidole, na ganuni kwa vijiwiko vidogo vya kubadilishia urefu wa nyuzi. Marimba ya Wagogo, iliyojulikana duniani kwa mikono ya Hukwe Zawose, hufuata sauti zinazozaliwa kwa asili ndani ya sauti moja nene, na mojawapo iko chini ya kibonyezo cha kinanda kwa karibu theluthi moja ya nusutoni. Nchini Uganda, amadinda, zilofoni ya Waganda, huigawa oktava hatua tano zinazokaribiana sana kwa ukubwa. Mwalimu anayeziandika nyimbo za aina hiyo kwa shapu na flati anaandika makadirio, na ni wajibu wake kuliambia hilo darasa lake, badala ya kuwasahihisha wazee kwamba wanaimba nje ya sauti.

Katika kazi ya kila wiki ya kwaya, hata hivyo, ujuzi wa funguo huonekana zaidi pale wimbo unapokuwa juu mno. Inafaa kuchukua mfano wa wimbo ulioandikwa Do ni G, ambao sauti ya kwanza hufika Re ya juu. Re hiyo ni A ya hezi 880, na waimbaji wasio na mafunzo maalumu huipata kwa kupiga kelele au huiacha. Mwalimu mwenye haraka atateremsha Do hadi E flati, Re ikawa F, na sauti ya kwanza ikashukuru. Lakini asipoitazama besi atakuwa amehamisha tatizo, kwa sababu kama mstari wa besi unashuka hadi Do ya chini, sauti iliyokuwa G sasa ni E flati, ambayo wanaume wengi huigusa kwa pumzi tu bila mlio. Kabla ya kuchagua, sharti mwalimu atafute nota ya juu kabisa ya sauti ya kwanza na ya chini kabisa ya besi, azihesabu zote mbili katika kila ufunguo anaoufikiria, na kukubali ufunguo unaowaumiza wote kidogo kuliko ule unaolistarehesha kundi moja. Kwa wimbo huu, F ndiyo inayofaa: Re ya juu inakuwa G, na Do ya besi inakuwa F.

Vinanda vingi vya umeme vina kitufe cha kuhamisha ufunguo, na hakuna aibu kukitumia siku ya dharura, lakini kitufe hicho hakimsaidii mpiga tarumbeta aliyesimama kando. Tarumbeta iliyoenea zaidi ni ya B flati, ambayo mpigaji akisoma C husikika B flati, toni moja chini, na kwa hiyo karatasi yake haina budi kuandikwa toni moja juu ya ile ya kinanda. Wimbo ulipokuwa katika G yeye alisoma A, yenye shapu tatu; ukiteremshwa hadi F yeye anasoma G, yenye shapu moja, wakati mpiga kinanda anaiacha shapu yake moja na kuchukua flati moja. Kwenye karatasi za waimbaji, palipoandikwa Do ni G panaandikwa kwa penseli Do ni F, na mistari minne ya solfa iliyo chini yake inabaki kama ilivyokuwa.